Umri na Uhamaji wa Ndani: Mfano wa Mkoa wa Singida

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya umri wa watu na uhamaji wao wa ndani ya nchi, kwa kutumia mfano wa Mkoa wa Singida, Tanzania. Hoja kuu ni kwamba kielelezo cha umri kinachotumiwa sana na wanademografia hakiafiki kikamilifu hali ya Singida. Watoto wa Singida aghalabu huelekea upande ulio kinyume na wazazi wao; wasichana huanza kuhama mapema kuliko kielelezo kinavyodokeza; na marejeo ya wazee hayana kilele kimoja. Aidha, inaonyeshwa kwamba wastani wa mkoa mzima huficha mikondo miwili inayopingana, mmoja wa kaskazini na mwingine wa kusini. Makala yanamalizia kwa kueleza athari za mikondo hiyo kwa urithishaji wa lugha za mkoa huo.

1.0 Utangulizi

Nadharia za uhamaji zina historia ndefu. Tangu Ravenstein alipochapisha kanuni zake mwaka 1885, wataalamu wamejaribu kueleza ni nani anayehama, anahamia wapi, na kwa nini. Lee (1966) aliyagawa mambo yanayosababisha uhamaji katika makundi ya yale yanayomsukuma mtu kutoka kwao na yale yanayomvuta kwenda ugenini, pamoja na vikwazo vya njiani na hali ya mhamaji mwenyewe. Harris na Todaro (1970) walisisitiza tofauti ya pato linalotarajiwa baina ya mji na shamba. Rogers na Castro (1981) ndio waliotoa kielelezo cha umri ambacho hadi leo kinatumika katika makadirio mengi ya idadi ya watu. Kwa mujibu wao, kiwango cha uhamaji huwa juu utotoni, hushuka kuelekea umri wa kubalehe, hupanda kwa kasi hadi kufikia kilele katika miaka ya mwanzo ya utu uzima, kisha hushuka polepole. Katika jamii nyingine huwapo kilele kidogo cha pili wakati wa kustaafu.

Kielelezo hicho kimejengwa juu ya dhana ambazo aghalabu hazitajwi. Dhana ya kwanza ni kwamba mtoto huhama kwa kuwa mzazi wake amehama, na kwamba huhama pamoja naye. Dhana ya pili ni kwamba kijana huingia katika soko la ajira baada ya kumaliza masomo. Dhana ya tatu ni kwamba kustaafu ni tukio linalojulikana tarehe yake. Ni dhahiri kuwa dhana zote tatu zinatokana na jamii za viwanda. Swali linalojadiliwa hapa ni kama zinasimama pale zinapopelekwa katika mkoa wa wakulima na wafugaji ulio katikati ya Tanzania.

Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963 na una eneo la takriban kilometa za mraba 49,000. Ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika Aprili. Wenyeji wake wakuu ni Wanyaturu, ambao pia huitwa Warimi, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo na Wakimbu. Wamo pia Wadatoga, na Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi. Mazao makuu ya chakula ni mtama na uwele. Alizeti na vitunguu ndiyo mazao yaliyoutangaza mkoa sokoni.

2.0 Istilahi za Uhamaji katika Kiswahili

Kabla ya kuendelea ni vema kuzifafanua istilahi, kwani Kiswahili kina utajiri ambao haujatumiwa ipasavyo katika taaluma hii. Mzizi -ham- hutoa maneno yanayotofautisha mambo ambayo mtafiti analazimika kuyatenganisha. Kuhama ni kutoka mahali. Kuhamia ni kuingia mahali. Kuhamishwa ni kuondolewa kwa amri ya mwingine. Kuhamahama ni kuhama mara kwa mara bila makazi ya kudumu. Hivyo basi, mnyambuliko wa kitenzi peke yake unaonyesha mwelekeo wa mwendo, hiari ya mwendaji na marudio ya tendo.

Hata hivyo matumizi ya kila siku yamelivuruga pambanuo hili. Kwa kuwa Serikali ina Idara ya Uhamiaji inayoshughulikia wanaoingia na kutoka nchini, wasomaji wengi huliona neno uhamiaji kuwa ni la mipaka ya kimataifa, na neno uhamaji kuwa ni la ndani ya nchi. Katika makala haya, uhamaji ni istilahi ya jumla. Uhamaji wa kutoka na uhamaji wa kuingia ndizo sehemu zake mbili.

Kipo pia kitenzi kulowea, chenye maana ya kukaa ugenini moja kwa moja hata mtu akawa mwenyeji wa huko. Neno hili lingeweza kuwa istilahi ya kitaalamu ya uhamaji wa kudumu, lakini nomino yake, mlowezi, imepata sumu ya kisiasa kutokana na historia ya ukoloni wa kizungu kusini na mashariki ya Afrika. Kinyume cha mlowezi ni mtu wa msimu, yaani yule anayekwenda na kurudi kwa kufuata majira. Baina ya wawili hao yupo manamba, mfanyakazi wa mkataba wa mashamba makubwa, ambaye jina lake lilitokana na namba aliyopewa alipoandikishwa. Manamba alikusudia kurudi. Wengi walirudi, na wengine walilowea.

Neno rika nalo linastahili kutajwa. Katika demografia, watu waliozaliwa katika kipindi kimoja hufuatwa kama kundi kutoka sensa moja hadi nyingine. Kiswahili hakihitaji kubuni neno la dhana hiyo, kwa kuwa rika limebeba maana hiyo tangu zamani: watu wanaokua pamoja na kupita pamoja katika hatua za maisha.

3.0 Vipimo na Takwimu

Uhamaji wa ndani hupimwa kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni kumwuliza mtu mahali alipozaliwa na kulinganisha na mahali alipohesabiwa. Njia hii hutoa uhamaji wa maisha yote, lakini haionyeshi mtu alihama akiwa na umri gani. Mzee wa miaka 60 aliyezaliwa Iramba na kuhesabiwa Tanga anaweza kuwa alihama akiwa na miaka 20 au wiki iliyopita. Isitoshe, aliyehama na kurudi huonekana kama mtu ambaye hakuhama kabisa. Swali kuhusu makazi ya mwaka uliotangulia hupunguza kasoro hii, ila linanasa mwaka mmoja tu.

Njia ya pili ni kulifuata rika. Watu waliokuwa na umri wa miaka 10 hadi 14 katika sensa moja watakuwa na miaka 20 hadi 24 baada ya miaka kumi. Idadi yao ikipungua kuliko vifo vinavyoweza kueleza, waliosalia katika hesabu ni waliohama. Njia hii huonyesha umri vizuri zaidi, ingawa ina adui mmoja mkubwa: watu wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa hupenda kutaja umri unaoishia na sifuri au tano, na hivyo kuhamisha hesabu kutoka rika moja kwenda jingine.

Kwa upande wa Singida, hata takwimu za jumla zinasema mengi. Mwaka 1967 mkoa ulikuwa na watu takriban 458,000. Mwaka 1978 takriban 614,000. Mwaka 1988 takriban 792,000. Na mwaka 2002 takriban 1,090,000. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,370,637, na ile ya mwaka 2022 watu 2,008,058. Zikigeuzwa kuwa viwango vya ongezeko kwa mwaka, idadi hizo zinatoa asilimia 2.7 kwa kipindi cha 1967 hadi 1978, asilimia 2.5 hadi 1988, asilimia 2.3 hadi 2002, na asilimia 2.3 tena hadi 2012. Viwango vya taifa kwa vipindi hivyo hivyo vilikuwa asilimia 3.2, 2.8, 2.9 na 2.7. Kwa hiyo kwa miaka 45 mfululizo Singida iliongezeka polepole kuliko taifa.

Ukubwa wa tofauti hiyo unaonekana kwa hesabu nyepesi. Kama Singida ingeongezeka kwa kasi ya taifa tangu 1967, mwaka 2012 ingekuwa na watu wapatao 1,670,000. Pengo ni la watu takriban 300,000. Haliwezi kuelezwa kwa uhaba wa uzazi, kwa kuwa mikoa ya vijijini ya bara haina uzazi mdogo kuliko wastani wa taifa. Vifo vinaweza kueleza sehemu, lakini sehemu kubwa lazima itafutwe katika uhamaji wa kutoka.

Kipindi cha 2012 hadi 2022 kimeugeuza mwenendo huo. Singida iliongezeka kwa asilimia 3.8 kwa mwaka, ilhali taifa liliongezeka kwa asilimia 3.2. Mgeuko huu ni sababu mojawapo inayofanya suala la umri litazamwe upya: mkoa uliozoeleka kuwa wa kutoa watu sasa unapokea pia, na wanaopokelewa hawana umri sawa na wanaotoka.

4.0 Usuli wa Kihistoria

Kabla ya ukoloni na mwanzoni mwake, uhamaji mkubwa ulitokana na njaa. Njaa iliyoikumba nchi ya Wagogo, pamoja na Manyoni ya leo, kati ya 1917 na 1920, na ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliwaondoa watu wa kila umri. Njaa haichagui rika la kuhama. Humwondoa mtoto pamoja na bibi yake. Uhamaji wa njaa kwa hiyo hauna kilele cha umri, na ndiyo alama ya kuutambua.

Uhamaji unaochagua umri uliletwa na kodi. Wajerumani waliweka kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza wakaendeleza kodi hiyo na kuongeza kodi ya kichwa kwa wanaume. Mwanamume aliyefikia umri wa kutozwa alihitaji fedha taslimu katika nchi isiyokuwa na zao kubwa la biashara. Njia mbili zilikuwa wazi: kuuza mifugo au kuuza nguvu. Schneider (1970) ameeleza jinsi uchumi wa Wanyaturu ulivyofungamanisha nafaka, mifugo na mahari. Katika uchumi wa namna hiyo, kijana asiyeoa ndiye aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kutouza ng'ombe na badala yake kuuza nguvu zake. Hivyo kodi na mahari vilikutana katika umri mmoja.

Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na kupita Manyoni na Itigi, ilirahisisha safari. Mashamba ya mkonge ya Tanga, Korogwe, Morogoro na Kilosa yalihitaji watu, na mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU. Mawakala wake walitafuta vijana wenye nguvu katika mikoa ya mbali na mashamba, ikiwamo nchi ya kati. Kipande, yaani kadi ya kazi, kilihesabu siku 30 za kazi zilizotimizwa, si siku za kalenda. Mtindo huu ulimpendelea kijana mwenye afya asiye na mke wala shamba la kusimamia.

Baada ya uhuru, mkonge ulianguka bei na uajiri wa mikataba ukakoma. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu kwa umbali mfupi, na kwa kuwa kaya nzima zilihamishwa pamoja, nayo haikuwa na kilele cha umri. Wakati huo huo miji ilianza kuchukua nafasi ya mashamba makubwa. Serikali ilijaribu kuuzuia mkondo wa kwenda mijini, hasa kwa Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambayo kwayo watu wasio na kazi inayotambuliwa waliondolewa Dar es Salaam na kurejeshwa mashambani. Sheria hiyo ililenga umri ule ule ambao SILABU iliutafuta miaka 40 kabla. Kijana aliyekuwa akivutwa kwa mkataba sasa alirudishwa kwa lori.

5.0 Mpangilio wa Umri

5.1 Watoto

Katika kielelezo cha Rogers na Castro, mkondo wa watoto ni kivuli cha mkondo wa wazazi. Huko Singida kivuli hiki mara nyingi huanguka upande wa pili. Mama kijana anayefanya kazi Dar es Salaam au Arusha, akiishi katika chumba kimoja cha kupanga na bila mtu wa kumwachia mtoto, humpeleka mtoto wake kwa bibi huko Ikungi au Kiomboi mara anapoachishwa ziwa. Mtoto huyo aliyezaliwa mjini huhesabiwa na sensa kama mhamiaji wa kijijini. Kwa jumla ya mkoa, kuingia kwake hufuta kutoka kwa kijana mmoja, ingawa mabadiliko haya mawili hayafanani hata kidogo: kaya imepoteza mkono wa kulima na kupata mdomo wa kulishwa.

Hapa ndipo palipo na kiini cha tatizo la kupanga huduma. Mkoa ambao jumla yake ya uhamaji inakaribia sifuri unaweza kuwa umebadilishana watu wazima kwa watoto. Jumla haionyeshi badiliko lolote. Uwiano wa wategemezi ndio unaolionyesha.

5.2 Wasichana

Singida, pamoja na Iringa na Dodoma, hutajwa mara kwa mara miongoni mwa mikoa inayotoa watumishi wa nyumbani kwa Dar es Salaam na miji mingine. Mkondo huu una sifa tatu. Kwanza, huanza mapema, mara tu baada ya darasa la saba au hata kabla, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Pili, hupitia kwa jamaa: shangazi, mama mdogo au jirani aliyekwisha kufika mjini ndiye anayemwita. Tatu, haurekodiwi vizuri, kwa kuwa mkuu wa kaya ya mjini anaweza kumtaja msichana huyo kuwa ni mtoto wa ndugu, na jambo hilo huenda likawa kweli.

Upanuzi wa elimu umeigusa sifa ya kwanza. Elimu ya msingi kwa wote ya mwaka 1977 ilizalisha rika kubwa la wahitimu wa darasa la saba wasiokuwa na nafasi katika sekondari. Kwa takriban miaka 30 kumaliza darasa la saba ndiko kulikokuwa mlango wa kuhama. Ujenzi wa shule za sekondari za kata kuanzia 2004, na kuondolewa kwa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, vimemweka msichana kijijini miaka minne zaidi pale anapobahatika kuendelea. Kwa hiyo panatokea vilele viwili badala ya kimoja: kimoja cha wale wanaoishia darasa la saba na kingine cha wale wanaomaliza kidato cha nne. Wa kwanza huenda kwenye kazi za ndani. Wa pili hutafuta chuo, duka au ajira.

5.3 Vijana wa Kiume

Vijana wa kiume huhama wakiwa wakubwa kidogo na huenda sehemu nyingi zaidi. Wapo wanaofuata msimu: huondoka baada ya mavuno ya mwezi Mei na Juni na kurejea mvua zinapokaribia. Wapo wanaoingia katika biashara ndogondogo, na safari yao ya kwanza mara nyingi huwa pamoja na bidhaa ya nyumbani, kama vile matenga ya kuku au magunia ya vitunguu yanayopelekwa Dar es Salaam. Wapo pia wanaokwenda machimboni. Machimbo hayako mbali: Sekenke huko Iramba ilifunguliwa mwaka 1909, na wachimbaji wadogo wamekuwa wakifanya kazi Londoni, Wilaya ya Manyoni. Machimbo huvuta vijana kutoka nje ya mkoa wakati huo huo ambapo vijana wa mkoa wanaelekea machimbo ya mikoa mingine.

Uwiano wa jinsi unalitia nguvu jambo hili. Sensa ya 2012 ilihesabu wanaume 677,995 na wanawake 692,642 mkoani Singida, sawa na wanaume 98 kwa kila wanawake 100. Mwaka 2022 walikuwa wanaume 995,703 na wanawake 1,012,355. Uwiano ulibaki 98. Uwiano wa taifa kwa sensa zote mbili ulikuwa 95. Kama uhamaji wa Singida ungekuwa bado ni wa wanaume peke yao kama enzi za manamba, uwiano wa mkoa ungekuwa chini ya ule wa taifa. Kuwa kwake juu ni ishara kwamba wasichana nao wanatoka kwa wingi, na kwamba wanaume wanaoingia wanaziba sehemu ya nafasi za wanaotoka.

5.4 Wazee

Kustaafu kwa maana ya kisheria, ambako kwa watumishi nchini Tanzania ni kwa hiari katika miaka 55 na kwa lazima katika miaka 60, kunawahusu wachache. Wahamaji wengi wa Singida hawakuwahi kuwa na ajira yenye pensheni. Wao hurejea pale nguvu zinapopungua, mwenzi anapofariki, baba anapofariki na kuacha shamba lisilo na msimamizi, au maradhi yanapozidi. Katika miaka ya 1990, ugonjwa wa UKIMWI uliwarudisha nyumbani watu waliokuwa bado katika umri wa kufanya kazi ili wauguzwe na wazazi wao. Matukio yote haya hayana tarehe moja. Kwa hiyo badala ya kilele cha kustaafu, Singida ina mteremko mrefu wa marejeo unaoanza mapema katika utu uzima.

Methali isemayo mkataa kwao mtumwa hueleza wajibu, si takwimu. Wapo wasiorejea, na wajane waliolowea mijini ni miongoni mwao, kwa sababu haki ya ardhi kijijini ilipitia kwa mume na haikuwasubiri.

6.0 Tofauti za Ndani ya Mkoa

Mpangilio ulioelezwa hapo juu ni wa kaskazini na kati ya mkoa, yaani nchi ya Wanyiramba, Wanyisanzu na Wanyaturu, ambako wakazi wamesongamana na ardhi imegawanyika. Kusini hali ni nyingine. Wilaya ya Manyoni, pamoja na eneo la Itigi, huchukua zaidi ya nusu ya eneo la mkoa, na sehemu yake kubwa ni pori la vichaka lenye watu wachache. Nchi hiyo imepokea wafugaji wa Kisukuma waliosukumwa na uhaba wa malisho kaskazini, wengine wakiendelea kuelekea Usangu na Rukwa. Wadatoga nao walipoteza malisho yao Hanang kwa mashamba makubwa ya ngano ya miaka ya 1970 na 1980, na baadhi yao wakatawanyika hadi Singida.

Mfugaji hahami kama msichana wa kazi za ndani. Huhama na wake zake, watoto, wazazi na ng'ombe. Umri wa kundi lake unafanana na umri wa jamii nzima, na kwa sababu hiyo mkondo wa kusini hauna kilele. Wahadza wa Mkalama wanawakilisha hali ya tatu: kambi nzima huhama kwa kufuata chakula na maji, na sensa inayouliza makazi ya mwaka jana haina nafasi ya kuandika jibu lao.

Mkondo wa nne umejitokeza karibuni. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma makao makuu ulichukua muda mrefu kutekelezwa, lakini kuanzia 2016 Serikali ilihamia huko kwa vitendo. Mji wa ajira, ujenzi na vyuo sasa uko jirani, na barabara ya lami inaufikia. Singida Mjini yenyewe ilikuwa na watu 150,379 mwaka 2012 na ilizidi 230,000 mwaka 2022. Safari fupi huwaruhusu kuhama watu ambao safari ndefu iliwazuia: mwanamke mwenye mtoto, mwanamume mwenye shamba, mtu wa makamo. Iwapo mwelekeo huu utaendelea, kilele cha umri kitapungua urefu na kupanuka.

7.0 Athari kwa Lugha

Mambo yaliyoelezwa yana umuhimu wa pekee kwa wanaisimu. Uhai wa lugha haupimwi kwa idadi ya wasemaji pekee, bali kwa kuendelea kwake kutoka rika hadi rika. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyochapishwa mwaka 2009 na mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imeonyesha mahali lugha zinaposemwa. Swali linalofuata ni zinasemwa na nani, na akiwa na umri gani.

Kwa Kinyaturu na Kinyiramba, uhamaji wa umri hufanya kazi kwa pande mbili. Kijana anayeondoka akiwa na miaka 14 anaondoka akijua lugha ya nyumbani ya kila siku, lakini kabla hajajifunza lugha ya mashauri, ya matambiko na ya mahari, ambayo hufundishwa utu uzimani. Akirejea katika umri wa makamo, hukuta waliokuwa wamfundishe wamekwisha kufa. Hivyo lugha haifi. Hupungua kutoka juu, kwa kupoteza kwanza mitindo yake ya watu wazima.

Kwa upande mwingine, mtoto anayeletwa kutoka mjini hufika akiwa na Kiswahili pekee na kukabidhiwa kwa bibi ambaye huenda ni msemaji mahiri kuliko wote kijijini. Kwa kawaida mtu wa rika la kati ndiye anayekata uzi wa urithishaji, kwa kuchagua kusema na mwanawe kwa Kiswahili. Rika hilo linapokuwa halipo, uzi hupita moja kwa moja kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu. Uhamaji unaolaumiwa kwa kuua lugha unaweza, katika hali hii, kuirefushia maisha. Hata hivyo bahati hii ina masharti: bibi awe hai, mtoto akae muda wa kutosha, na asirudishwe mjini anapofikia umri wa kutumwa kazi.

Kwa lugha ndogo kama Kihadza, masharti hayo ni magumu zaidi, kwa kuwa kuondoka kwa vijana wachache ni kuondoka kwa sehemu kubwa ya rika zima.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uhamaji wa ndani wa Singida hauwezi kueleweka kwa jumla yake. Kwa miaka 45 mkoa ulipungukiwa na watu kwa kulinganishwa na taifa. Katika muongo uliofuata uliongezeka kwa kasi. Mwonekano huu wa nje umefunika mabadilishano ya ndani: wasichana na vijana wa kiume wanaotoka, watoto wanaopelekwa kwa bibi zao, watu wazima wanaorejea mmoja mmoja, na kaya za wafugaji zinazoingia kusini zikiwa kamili. Kielelezo cha umri kilichojengwa kwa jamii za viwanda kinafaa kama kipimo cha kulinganishia, lakini hakifai kutumiwa badala ya uchunguzi.

Mapendekezo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwa wapangaji wa huduma: takwimu za uhamaji zitolewe kwa umri, jinsi na wilaya, kwa kuwa zahanati inayohudumia wazee na wajukuu haihitaji vitu sawa na zahanati ya machimboni. La pili ni kwa wanaisimu na wanafunzi wao: dodoso la utafiti wa lugha liandike umri ambao msemaji aliondoka kwao na umri aliorejea, si mahali alipozaliwa tu. Maswali hayo mawili yatamwezesha mtafiti kutofautisha msemaji aliyepungukiwa na lugha kwa sababu hakurithishwa na yule aliyerithishwa nusu, kisha akapanda basi.